Mama aliyejifungua hahitaji msaidizi, anahitaji mzazi mwenzake

Kwenye hospitali nyingi za nchi hii kuna kibao kilichoandikwa "Wodi ya Wazazi". Ukiingia ndani, wazazi wote ni wanawake. Baba wa watoto wale yuko nje ya geti na chupa ya uji, anasubiri saa ya kuona wagonjwa.

Lugha yetu yenyewe haina ubaguzi. Mzazi ni yeyote aliyezaa, awe mama au baba. Ila sikiliza tunavyolitumia neno hilo. "Mzazi anaendeleaje?" "Mpelekeeni mzazi mtori." "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi." Kote huko anayetajwa ni mmoja. Na siku hizi mjini ukisikia mtu anasema "mzazi mwenzangu", mara nyingi maana yake ni kwamba hawaishi tena pamoja.

Nimejifungua mtoto wangu wa kwanza miezi minne iliyopita. Nimerudi kwenye safu hii na jambo ambalo ni la afya kuliko linavyoonekana: nani anatarajiwa kufanya nini siku mtoto anapoingia nyumbani. Wengine wanaliita suala la jinsia, wengine ufeministi, na mtaani kwetu ukiligusa tu unaambiwa umeleta "mambo ya Beijing". Mkutano huo wa wanawake ulifanyika mwaka 1995 na katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella. Kizazi kizima baadaye, jina la mji ule bado linatumika kumnyamazisha mwanamke anayemwomba mumewe afue nepi.

Hapa sizungumzii Bunge wala viti maalumu. Nazungumzia saa nane ya usiku.

Hesabu ya usiku

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 ndani ya saa 24. Chukua mara 10, kila mara nusu saa. Hizo ni saa 5 za kukaa na mtoto kifuani, kabla hujahesabu kumpigapiga mgongo hadi abeue, kumbadilisha nepi na kumbembeleza alale. Ni kazi ya zaidi ya nusu siku ya ofisini, imekatwakatwa vipande na kutawanywa mchana na usiku.

Usiku hauwezi kurukwa. Homoni inayotengeneza maziwa, prolaktini, huwa juu zaidi usiku, na titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Mama anayeambiwa "mpe maji alale, na wewe upumzike" anaweza kujikuta baada ya siku kadhaa maziwa yamepungua kweli, kisha akalaumiwa kwa kukosa maziwa. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji kabisa, hata kwenye joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili. Maziwa ya mama yana maji ya kutosha ndani yake.

Kunyonyesha baba hawezi. Hilo halina ubishi, na ndipo mazungumzo mengi ya nyumbani yanapoishia: "Sasa mimi niamke nifanye nini?" Kuna mengi ya kufanya. Kumtoa mtoto kitandani na kumleta kwa mama, kumletea mama maji ya kunywa kwa sababu kunyonyesha kunaleta kiu kali, kumbeulisha mtoto, kubadilisha nepi, kumtembeza hadi alale. Hakuna hata moja linalohitaji titi. Tuseme mama anaamka mara tatu usiku, na kila mara akifanya yote peke yake inamchukua dakika 50, lakini akinyonyesha tu na kumkabidhi mtoto inamchukua 30. Amepata saa nzima ya usingizi. Muulize mama yeyote mwenye kichanga saa moja ya usingizi ina thamani gani.

Nyumbani kwetu tumeligawa hivyo tangu wiki ya pili. Kilichonishangaza si kazi yenyewe bali maneno yake. Wageni husema "mume wako anakusaidia sana", nami huitikia asante. Lakini kusaidia ni kumshika mkono mwenye kazi yake. Hakuna anayesema mama "anamsaidia" baba kulea. Siku moja mume wangu alimbeba mtoto hadi dukani kununua sabuni. Aliporudi nilikuwa nimeshapokea pongezi tatu kwa kupata mume, moja ikiwa ya muuza duka mwenyewe. Mimi nimembeba mtoto huyohuyo miezi tisa tumboni na minne mikononi, na muuza duka hajawahi kuniambia kitu.

Na hizo ndizo kauli nzuri. Upande wa pili kuna kicheko, na neno limbwata. Mwanaume akionekana anaanika nepi, basi kalishwa dawa. Wapo wanaume wengi wanaopenda kushika watoto wao, ila wanafanya hivyo mlango ukiwa umefungwa. Anayeumia kwa utani huo ni mama anayefua kidonda kikiwa bado kibichi.

"Mwambie mama yake"

Wiki ya 10 ya mtoto, siku ya chanjo ya pili, niliamka na homa, titi la kushoto limevimba na kuwa jekundu. Hiyo ni mastaitisi, uvimbe wa titi, na inawapata wanawake wengi wanaonyonyesha. (Dawa yake ya kwanza si kuacha kunyonyesha. Endelea kumnyonyesha mtoto kama kawaida, weka kitambaa cha baridi, kunywa parasetamoli, na kama homa haijashuka ndani ya saa 24 nenda kituoni, huenda ukahitaji antibayotiki.)

Mume wangu akachukua kadi ya kliniki na kwenda na mtoto peke yake. Swali la kwanza aliloulizwa na muuguzi lilikuwa: "Mama yake yuko wapi? Yupo hai?" Akajibu yupo, anaumwa titi. Wanawake kwenye benchi wakamtazama kwa huruma kama mjane. Mtoto alichanjwa vizuri, simlaumu yule dada wa watu, foleni ilikuwa ndefu na katika siku yake nzima pengine alikuwa hajamwona baba mwingine. Lakini maelekezo ya mwisho yalikuwa haya: "Baba, mwambie mama yake amlete wiki ya 14." Baba alikuwa amekaa mbele yake, anajua kusoma tarehe.

Jambo hili lina upande mwingine unaokera zaidi. Mjamzito anapokwenda kliniki mara ya kwanza hutakiwa aje na mwenza wake ili wote wapime virusi vya Ukimwi na kaswende. Ni utaratibu mzuri, umeokoa watoto wengi. Ila kuna vituo ambako mwanamke aliyekuja peke yake husukumwa mwisho wa foleni, au huambiwa kwanza akalete barua ya serikali ya mtaa kueleza mume yuko wapi. Kwa hiyo baba anatafutwa kwa nguvu siku ya kwanza, damu ikishachukuliwa hana tena kazi hadi harusi ya mtoto. Na anayeadhibiwa kwa kutofika kwake ni mwanamke.

Siku tatu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku 3, na azitumie ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Angalia kinachotokea mwilini siku hizo. Kati ya siku ya pili na ya tano maziwa hujaa na matiti huwa magumu kama mawe. Siku hizohizo homoni zilizopanda wakati wa ujauzito zinashuka ghafla, na zaidi ya nusu ya wanawake hupata kipindi cha kulia bila sababu na kuhisi hawawezi. Mshono unavuta. Ndiyo siku ambayo baba anavaa shati na kurudi kazini. Majirani zetu Wakenya, kwa sheria yao ya ajira ya 2007, wanampa baba wiki 2. Nazo si nyingi, ila angalau zinavuka kipindi kile cha machozi.

Kuna hesabu nyingine ya sheria hiyohiyo. Siku 84 ni wiki 12. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani na wa Wizara ya Afya ni mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, yaani wiki 26 hivi. Katikati kuna wiki 14 ambazo mama yuko kazini na mtoto yuko nyumbani. Sheria inamruhusu kutoka kwenda kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku, na wengi hawajui haki hiyo au wanaona aibu kuidai. Kama nyumbani ni mbali, maziwa yaliyokamuliwa yanakaa saa 4 nje ya friji iwapo joto halizidi nyuzi 25, pungufu kama chumba kina joto kuliko hapo, na hadi siku 4 ndani ya friji. Anyweshwe kwa kikombe kidogo kisafi, chupa ni ngumu kusafisha. Kikombe hata baba anakiweza.

Yote haya ni ya mwajiriwa. Mama lishe, muuza nguo za mitumba, mkulima wa mpunga, hao hawana siku 84 wala 3. Likizo yao inaisha akiba ikiisha. Kwao mzazi mwenza anayebeba sehemu yake ya kazi ndiyo likizo pekee iliyopo.

Ugonjwa unapogeuzwa kuwa kosa la mama

Miezi hii minne nimesikia lawama nyingi kuliko dawa, na karibu kila moja inaweza kumdhuru mtu ikiaminiwa.

Ya kwanza ni "huna maziwa" au "maziwa yako mepesi". Maziwa ya siku za mwanzo, dang'a, ni machache na ya njano kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo na yamejaa kinga. Si machafu, wala hayakamuliwi na kumwagwa. Mtoto akipungua uzito hadi asilimia 10 wiki ya kwanza ni kawaida, anatakiwa awe ameurudisha kufikia wiki ya pili. Kipimo cha maziwa kutosha hakipo machoni kwa jirani. Kipo kwenye nepi: kuanzia kama siku ya tano mtoto alowanishe 6 au zaidi kwa saa 24, na uzito upande kwenye kadi. Niliambiwa "mama, mtoto huyu hashibi" siku moja baada ya mzani kuonyesha ameongezeka vizuri. Nilimwonyesha kadi. Akasema kadi za siku hizi si za kuamini.

Ya pili ni ya wanaojifungua kwa upasuaji. "Hakuzaa huyo, kapasuliwa." Kana kwamba kisu ni njia ya mkato ya wavivu. Upasuaji wa uzazi ni operesheni kubwa ya tumbo: ngozi imekatwa, misuli imesogezwa, mfuko wa uzazi umefunguliwa na kushonwa. Mhusika haruhusiwi kuinua kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki 6 hivi. Mwanaume akifanyiwa upasuaji wa ngiri, ndugu wanakuja hospitali na matunda na hakuna atakayemtarajia achote maji siku ya tano. Mama aliyepasuliwa anatarajiwa achote, na aombe radhi kwa kutosukuma.

Ya tatu ni jinsia ya mtoto. Bado kuna nyumba ambako mtoto wa tatu wa kike anapokelewa kwa ukimya na mama anaangaliwa vibaya. Yai la mama siku zote hubeba kromosomu X. Mbegu ya baba ndiyo hubeba ama X au Y, na ikiwa Y mtoto ni wa kiume. Kama kuna mtu wa kuulizwa, si yeye, ingawa hata baba hana anachochagua.

Ya nne ndiyo nzito, na ndiyo ninayotaka tukae nayo: kubemenda. Sehemu nyingi za nchi, mtoto akidhoofika, akivimba miguu, akichelewa kutembea, minong'ono inaanza kwamba amebemendwa. Yaani wazazi wamekutana kimwili angali ananyonya, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa kisha akamgusa mtoto. Kwa maneno ni "wazazi". Kwa vitendo anayetazamwa mtaani ni mama, kwa sababu ndiye anayembeba mtoto na ndiye mwenye maziwa yanayodaiwa kuharibika.

Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mtoto anayevimba miguu au kubaki mifupa ana utapiamlo mkali, na sababu zake zinajulikana: chakula kisichotosha au kisicho na mchanganyiko, kuanzishiwa vyakula mapema mno au kwa kuchelewa, kuhara na homa za mara kwa mara, kifua kikuu, virusi vya Ukimwi. Imani hii imeegemea ukweli mmoja ambao wazee waliuona kwa macho: mama akishika mimba nyingine mtoto akiwa mdogo sana, yule wa kwanza huachishwa ziwa ghafla na afya yake huporomoka. Jibu la hilo ni uzazi wa mpango. Kumwaibisha mama hakumponyi mtoto.

Madhara ya neno hili nayataja kwa uzito. Mama anayeogopa kuambiwa kabemenda atamfunika mtoto kanga, ataruka siku ya kupima uzito, atakwenda kwa mganga usiku. Wakati huo kuna tepu ya karatasi kituoni inayomaliza ubishi kwa sekunde. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu ni chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali na anahitaji matibabu leo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni hatari ya wastani. Kuna maziwa maalumu na chakula tiba kwa ajili yake. Mzazi, wa kiume au wa kike, akiona uso au miguu ya mtoto imevimba, asisubiri kikao cha ukoo.

Machozi yasiyokwisha

Yale machozi ya siku za mwanzo yanatakiwa yakatike ndani ya wiki 2. Yasipokatika, au yakianza baadaye, huenda ni sonona. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 13 ya wanawake duniani waliojifungua karibuni hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea idadi inakaribia asilimia 20. Mmoja kati ya watano. Kwenye benchi la kliniki lenye kinamama kumi, ni wawili.

Wengi wao wanatabasamu. Mwanamke aliyejifungua salama anatarajiwa kushukuru, hasa hapa ambapo kila mtu anamjua mwingine aliyetoka chumba cha kujifungulia bila mtoto, au asiyetoka kabisa. Akisema hana furaha, anajibiwa kwamba wenzake wanatafuta watoto na hawapati. Akisema amechoka, anaambiwa "sisi tulizaa nane na tulilima". Ndiyo, walilima. Hakuna aliyewauliza walijisikiaje.

Kuna maswali mawili ambayo mhudumu wa afya anaweza kuanzia, na ambayo mume, mama au mama mkwe anaweza kuyauliza jikoni. Je, mwezi huu mmoja uliopita umekuwa ukijisikia mnyonge, mwenye huzuni au kukata tamaa? Je, umekuwa huna hamu wala raha na mambo uliyokuwa ukiyapenda? Jibu la "ndiyo" kwa lolote linatosha kumpeleka kituoni, ambako kuna vipimo virefu zaidi, kama kile cha Edinburgh chenye maswali 10 kinachotumika tangu 1987. Sonona inatibika kwa mazungumzo ya kitaalamu na, inapobidi, kwa dawa ambazo baadhi yake zinaweza kutumiwa na anayenyonyesha. Usimkemee aache dawa bila daktari wake kujua.

Hali iliyo nadra zaidi, mama 1 au 2 kati ya 1,000, ni ile ya kuchanganyikiwa: halali kabisa, anasikia sauti, anaamini mtoto si wake au ana pepo. Mara nyingi huanza ndani ya wiki 2 za mwanzo. Hiyo ni dharura kama kutokwa damu. Asiachwe peke yake na mtoto, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Najua jina la Mirembe, ile hospitali ya Dodoma, limegeuzwa tusi la mtaani, na familia zinaona heri maombi ya siku saba kuliko rufaa. Maombi yafanyike njiani kwenda hospitali.

Kinachofanana katika maisha ya wengi wanaopata sonona si udhaifu wa imani. Ni kukosa usingizi, kukosa fedha, ugomvi au kipigo nyumbani, na kukosa mtu wa kushika mtoto. Kati ya hayo, angalau la kwanza na la mwisho yapo ndani ya uwezo wa mtu aliyelala kitanda kimoja na mgonjwa. Naye baba asisahaulike: uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikuta kama baba 1 kati ya 10 naye hupata sonona katika kipindi cha ujauzito na mwaka wa kwanza wa mtoto. Yeye amefundishwa kutolia, kwa hiyo kwake hutoka kama hasira, pombe, na kuchelewa kurudi.

Arobaini ni dawa, ila inabebwa na nani?

Sitaki msomaji adhani nakuja kuvunja mila. Siku arobaini za watu wa Pwani, mzazi akilishwa, akikatazwa kazi na kuzungukwa na watu, ni busara ambayo hospitali hazijaweza kuishinda. Wachagga wanamlisha mzazi miezi mitatu, mtori na nyama. Mwili unaorudisha damu iliyopotea unahitaji hivyo hasa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki.

Nina shaka na mambo mawili. Moja ni kukandwa kwa maji ya moto sana. Yanaunguza ngozi, na ni hatari kwenye mshono. Mfuko wa uzazi hunywea wenyewe, na kila mtoto anaponyonya unanywea zaidi. Katika wiki 6 hivi unakuwa umerudi karibu na ukubwa wake. Maji ya uvuguvugu ya kuogea yanatosha.

La pili ni kwamba arobaini huziondoa kazi kwa mwanamke mmoja na kuzipeleka kwa mwingine. Mama anatoka Tanga, ana presha na magoti mabaya, analala sakafuni kwa binti yake mwezi mzima. Akiondoka anakuja dada wa kazi, pengine ni binti wa miaka 16 ambaye ameacha shule. Huyu naye anaamka saa nane ya usiku. Mwenye nyumba anabaki salama usingizini, na watu wazima wote wa kike wamechoka kwa zamu.

Arobaini ikiisha, kuna matarajio mengine yanayosemwa kwa sauti ya chini: mume amesubiri vya kutosha. Hakuna deni hapo. Tendo la ndoa hurudi damu ikikatika, kidonda kikipona na mama mwenyewe akitaka. Na mimba inaweza kuingia kabla ya hedhi ya kwanza. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa kiwango kikubwa iwapo mambo matatu yapo pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, ananyonya tu bila kitu kingine mchana na usiku, na hedhi haijarudi. Likikosekana moja, tafuta njia nyingine. Ushauri ni kupisha angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya mimba ijayo. Kondomu ni ya mwanaume, na kufunga uzazi kwa mwanaume ni upasuaji mdogo kuliko wa mwanamke, kwa familia iliyokwisha pata watoto inaowataka.

Usisubiri baba arudi

Baada ya kujifungua, mama na mtoto wanatakiwa kuonekana kituoni ndani ya saa 48, siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42. Wengi wanampeleka mtoto tu. Katikati ya siku hizo kuna mambo ambayo hayasubiri tarehe, wala hayasubiri ruhusa ya mkuu wa kaya: damu inayolowanisha pedi au kitambaa ndani ya saa moja, au mabonge makubwa; homa na uchafu unaonuka ukeni; kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au degedege, kwa sababu kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua; kupumua kwa shida; mguu mmoja kuvimba na kuuma; na wazo la kujiumiza au kumuumiza mtoto. Kwa mtoto ni kukataa kunyonya, homa au mwili kuwa baridi, kupumua haraka, kitovu kuwa chekundu au kutoa usaha, na umanjano unaofika viganjani.

Kubalianeni mapema, mkiwa wawili na hakuna anayeumwa, kwamba yeyote kati yenu akiyaona hayo anaondoka hapohapo. Namba ya bodaboda au bajaji iwe kwenye simu zote mbili, na fedha ya usafiri iwe mahali ambapo mama anaweza kuifikia mwenyewe.

Siku ya 42 mwambieni mhudumu apime presha ya mama na wingi wa damu yake, aangalie mshono, amuulize kuhusu usingizi na huzuni, na awaeleze nyote wawili njia za uzazi wa mpango. Baba aende, na kadi aibebe yeye. Kama benchi lina nafasi moja tu, akae mama.